Waambie Sipo

3 Februari

Dada yangu,

Salamu nimeziweka mwishoni, na nikizisahau uhesabu zimefika. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu haipo tena. Chiriku aliitumbukiza kwenye ndoo ya maji ya kudeki, akachuchumaa pale akiitazama mpaka ikazima. Nilipomuuliza kwa nini, alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeitumbukiza.

Unakumbuka tulivyompa jina hilo la utani. Akiamka ameanza, na mpaka anapolala hujapata nafasi ya kupiga chafya. Leo ana miaka kumi na mitatu na neno moja kulitoa mpaka umbembeleze. Ukimya peke yake ningeuvumilia, watu wakimya wapo na wanaishi. Ni haya mengine ambayo siyaelewi, na nimechoka kujifanya nayaelewa mbele ya majirani.

Anashona vifungo kwenye vitambaa ambavyo hata sijavikata, anavipanga vizuri katikati ya kitambaa kizima, vifungo bila shati. Ameivunja cherehani kwa jiwe la kuegeshea mlango, imebidi nikodi ya watu. Siku moja nilitoka uani kuanika, akafunga mlango kwa ndani, akawa ananichungulia dirishani nikigonga mpaka jirani yangu mpishi akaja kuniombea. Halafu yakaja makoti ya kwaya. Yalikuwa yamechelewa, sikatai, na fundi asiyechelewa nani amemwona. Wenyewe walipokuja nikamwambia Chiriku, nenda mlangoni, waambie mimi sipo, na panya wametafuna mkono wa kushoto wa kila koti, tunashona mingine. Wakaondoka kwa upole. Kesho yake naamka, mikono yote ya kushoto imekatwa. Dada, hata panya asingekata kwa unyoofu ule. Nikaona mtoto ananidhihaki, nikamchapa, wala hakulia.

Wiki iliyopita ndiyo imenimaliza. Nilimkuta amekaa sakafuni na chupa ya mafuta ya cherehani mkononi, mdomo unang'aa. Hospitali walimhudumia, akawa salama. Lakini daktari alinivuta pembeni akaniambia huyu mtoto anahitaji mahali pa kukaa na kutibiwa, penye watu wanaojua akili ya mtoto na wa kumwangalia muda wote, maana safari nyingine huenda tusimuwahi. Nikamuuliza mahali hapo ni wapi. Akatazama saa.

Nimetafuta. Mahali pa kwanza pana majani yaliyokatwa sawasawa na karani mwenye sauti ya asali. Aliponitajia ada nikadhani ananiuzia jengo. Hospitali kubwa wana wodi ya watu wazima tu, watoto wanaandikwa jina na kuambiwa wasubiri. Mahali pengine ni kwa bwana mmoja anayesema anaponya kila kitu, na bei yake nafuu kweli, ila mlango wa chumba cha watoto una kufuli kwa nje. Nikasikia mtoto anabisha hodi. Yumo ndani, Dada, anabisha hodi ili atoke. Nikamshika Chiriku mkono tukaondoka bila kuaga.

Wewe unafua kwenye kituo cha watoto wa namna hii, shuka zao unazishika kila siku. Kweli hakuna kona kwa mwanangu? Niulizie. Akiirudia ile chupa, sitakuwa na lingine la kukuandikia.

Wasalimie wote.

Mdogo wako,
Fundi

*

11 Februari

Mdogo wangu,

Barua yako nimeletewa na dereva wa gesi, na hii atakuletea yeye. Akifika mpe maji ya kunywa, usimsimamishe mlangoni kama wateja wako.

Nafasi imepatikana, na ada hakuna. Usiniulize nimeipataje. Mwenye shida haulizi kamba imesokotwa na nani, anaishika.

Nitakuja kumchukua mwenyewe. Wewe usije kituoni, usiwaandikie ofisini, usiwapigie simu hata ya kuazima. Ukitaka kujua jambo niandikie mimi. Watu wa ofisi wana taratibu zao na wewe una mdomo wako, na hivyo viwili sitaki vikutane.

Tena usinune. Mtoto wako ni mwanangu, aliniita Mama Mkubwa kabla hajajua kuomba maji. Nimefua hapa tangu nywele zangu nyeusi, nimeona watoto wanaingia wakiuma watu na wanatoka wakisalimia. Si wote, sikudanganyi. Lakini milango haina kufuli kwa nje, na mshauri wao ni mama mmoja mtaratibu, anakaa na mtoto mmoja mmoja mpaka azungumze.

Mfungie nguo za kubadili, sabuni, na kitu kimoja anachokipenda. Picha yako usimpe. Wana sababu zao.

Dada yako

*

2 Machi

Dada,

Tangu mmeondoka sijui nikae wapi ndani ya nyumba hii. Mteja akibisha hodi nageuka kumtuma mtu, hakuna wa kumtuma. Inabidi niende mwenyewe, na sasa ndiyo nimejua kumbe nina wateja wakali. Yule wa kwaya alinisema mpaka nikasahau kumkaribisha kiti.

Mambo yananichanganya. Kwa nini nisije kumwona? Jirani yangu mpishi anasema hospitali zote duniani zina siku ya wageni. Kwa nini picha isiende? Nilimfungia pakiti ya vifungo vyake, hivyo navyo vina taratibu?

Lakini nikuulize kubwa zaidi. Jana dereva wa gesi amefika, amevua kofia mlangoni, ameniambia pole kwa msiba. Nikasema asante, maana mtu akikupa pole unaitika kwanza. Halafu nikamuuliza msiba upi. Akasema, si huu wa mdogo wake mama wa kufulia, yule fundi aliyekuwa akikaa hapa hapa, aliyeacha binti? Wewe si jirani yake? Na kweli alipoleta barua yako nilimwambia mimi jirani tu, fundi hayupo, nikidhani anadai. Nikabaki nimeshika bilauri ya maji yake. Nikamjibu ndiyo, tumepoa, kazi ya Mungu. Sijui kwa nini nilimjibu hivyo. Ulimi wangu umezoea.

Sasa nimekaa nahesabu. Kwa mama yetu tulizaliwa wawili tu, mimi na wewe. Wewe unaandika barua, kwa hiyo si wewe. Nani amekufa, Dada?

Gauni la njano nimemshonea, lina mifuko kama anavyopenda. Nimempa dereva. Nieleze.

Fundi

*

9 Machi

Mdogo wangu,

Kaa chini kwanza. Wewe ndiye uliyekufa.

Kituo hiki kina nafasi chache ambazo wafadhili wanazilipia, nazo ni za yatima. Wengine wote wanalipa, na wanacholipa wewe huwezi na mimi siwezi hata tukiuza cherehani yako mbovu, pasi yako na sisi wenyewe. Baba yake alijifuta kitambo, hilo halikuhitaji uongo. Ulikuwa umebaki wewe. Nikamwambia Mkuu kuwa mdogo wangu amefariki ghafla, moyo umesimama akiwa kazini. Nilikuchagulia kifo kisicho na maswali, uone jinsi ninavyokujali. Mkuu alinipa pole mpaka nikaona haya.

Chiriku nilimwambia tukiwa njiani. Nikamwambia, mwanangu, wakikuuliza, sema mama amefariki, baba hujui aliko, unaye Mama Mkubwa tu. Akaitikia kwa kichwa. Wala hakuuliza. Nikajisemea, afadhali, mtoto mwelewa.

Na anaendelea vizuri, usifikiri vingine. Hajavunja kitu, hajakata kitu. Analia. Mshauri amefurahi, anasema alikuja amekauka na sasa analia vizuri, msiba umeanza kutoka. Wanasema ni hatua kubwa.

Jambo moja ndilo silielewi. Huwa anakuja kunisaidia kukunja shuka, tukiwa wawili tu. Juzi alikuwa analia, nikamnong'oneza, acha kulia mwanangu, mama yako mzima, jana kaniandikia, anagombana na watu wa kwaya. Nilidhani atacheka. Akanitazama kwa huruma, akaniambia, "Mama Mkubwa, tusiseme hivyo." Kama mimi ndiye mwongo. Nilikunja shuka ile ile mara mbili.

Gauni nimempa. Nikasema nimelinunua, kwa sababu marehemu hashoni.

Usikasirike. Au kasirika, lakini ukiwa kwako.

Dada yako

*

16 Machi

Dada,

Nimekasirika nikiwa kwangu kama ulivyoagiza. Nilikasirika mpaka nikacheka, mpishi akaja kuchungulia. Nikamwambia nimepata barua ya msiba. Akauliza wa nani. Nikamrudisha jikoni kwake.

Sijui hata nikulaumu kwa lipi. Umenizika bila kuniuliza, lakini umemwondoa mwanangu kwenye ile chupa. Nikitaka kuja kusema niko hai, nafasi inaondoka, wanamfungashia nguo zake, anarudi hapa kwenye chumba hiki chenye mikasi na mafuta. Nisipokuja, mwanangu analia msiba wangu na mimi niko hapa napiga pasi kola za watu. Kila upande nikiugeuza naona ndani ndiko nje.

Wanasema kulia kunamponya. Basi kama kufa kwangu kunamponya, nife. Nitakufa mpaka apone. Wazazi wengine wanauza shamba, mimi nimeuza pumzi tu, na bado ninayo.

Ila lile neno lake linanizunguka kichwani. Tusiseme hivyo. Kwa nini aseme hivyo kwako, na wewe unajua ukweli naye anaujua? Anaamini nimekufa? Alipoondoka nilimfunga vifungo vya sweta mwenyewe, alininusa shingoni kama alivyokuwa akifanya mdogo. Mtu hasahau hivyo.

Mwangalie. Akiacha kula uniambie hata kama ni siri.

Marehemu,
Fundi

*

28 Machi

Mdogo wangu,

Nafunga barua ya Chiriku ndani ya hii. Hapa mtoto aliyefiwa hufundishwa kumwandikia marehemu wake, amwambie yale ambayo hakuwahi kumwambia, kisha barua inafukiwa bustanini, wanapanda ua juu yake. Yeye alifukia karatasi tupu. Hii alinipa tukiwa chumba cha kufulia, akasema itumwe, anwani anaijua. Sijaifungua. Wiki hii chakula anakigusa tu.

Dada yako

*

Mama,

Mshauri amesema barua za marehemu hazina pa kwenda. Mimi nikanyamaza kwa sababu yako ina pa kwenda. Sasa sijui kama hapo nimedanganya.

Gauni limefika. Mama Mkubwa anasema amelinunua. Pindo ni lako, unapomaliza unarudi nyuma mara tatu ndipo unakata uzi. Sikumwambia kitu.

Mshauri amesema niandike nilichoshindwa kukuambia. Ni hiki. Wewe ukinituma mlangoni niseme kitu, watu wananitazama usoni. Wewe uko nyuma ya pazia, hutazamwi. Nikirudi ndani nasikia tumbo linanikata kwa sababu nimedanganya. Halafu nikagundua kwamba kitu kikiwa kweli baadaye, sijadanganya, nimewahi tu. Uliposema bado vifungo tu, nilishona vifungo. Vitambaa ulikuwa hujavikata, lakini vifungo vilikuwapo. Uliposema cherehani imevunjika, nikaivunja. Mwenye nyumba alipopiga ukaniambia nimwambie simu imeharibika. Na ile siku ya mlango, yule mama wa mapazia alikuwa ameambiwa hupo ndani, na alisema atarudi, kwa hiyo ilibidi usiwe ndani. Nilikuona unagonga, nilitaka kufungua. Makoti ya kwaya unayajua. Nilikata vizuri ili ukishona tena isikusumbue.

Siku ile ya mafuta ulimwambia mwalimu kuwa naumwa tumbo, nibaki nyumbani nikae mlangoni. Nilikunywa kidogo tu, Mama. Kidogo kilitosha.

Sasa Mama Mkubwa aliniambia niseme umekufa. Nimeshasema, nimewaambia watu wengi. Ofisini, kwa mshauri, na yule msichana wa kitanda cha jirani, yeye mama yake amekufa kweli na alinipa nusu ya sabuni yake kwa ajili yako. Hili sijui nilifanyeje. Nimejaribu kulia sana, labda kulia kutatosha, labda likihesabiwa kama msiba litakuwa limekwisha. Mama Mkubwa akisema u mzima naogopa, maana hapo inakuwa bado.

Wanasema naendelea vizuri na wataniruhusu niende nyumbani kwa Mama Mkubwa siku za mapumziko, na yeye ananiambia kwa siri kuwa atanileta kwako. Waambie wasinilete. Mimi ndiye ninayefanya mambo yawe kweli, na sitaki kuwa karibu na wewe.

Ukipata barua hii, ina maana upo? Nijibu wewe mwenyewe. Usimtume mtu.

Chiriku

*

4 Aprili

Kwa Mkuu wa Kituo,

Mheshimiwa, mimi ni marehemu mama wa binti ambaye kwenu ameandikwa yatima. Naomba usiitupe barua hii ukadhani ni mzaha. Sijafa. Nashona nguo, nimewahi kuwa na cherehani yangu, na moyo wangu haukusimama kazini, ingawa juzi ulikaribia.

Uongo huu ulisemwa na dada yangu anayewafulia shuka. Alitafuta nafasi kila njia akakosa, akaona kunizika ni rahisi kuliko kunilipia. Ananipenda vibaya, hilo ndilo kosa lake. Mimi nilipojua nikakubali, kwa hiyo la kwangu ni kubwa zaidi. Ukimwadhibu, nipe na mimi.

Najua nafasi ile inaondoka kwa barua hii. Nimeiandika nikijua. Lakini naomba usimrudishe mwanangu kabla ya kusoma barua aliyoniandikia, nayo nimeinakili nyuma ya karatasi hii, ya kwake mwenyewe sikuweza kuachana nayo. Mtoto huyu akisema uongo anaufanya uwe kweli ili asiwe mwongo. Niliufundisha mdomo wake kazi hiyo miaka na miaka na sikuona nilichokuwa nikishona. Alikunywa mafuta kwa sababu nilimwambia mwalimu anaumwa. Sasa amesema nimekufa, kwenu nyote, na ananiogopa kama mtu anavyoogopa kumwangusha mtoto mchanga. Haachi kula kwa sababu ya msiba, Mheshimiwa. Anaacha kula kwa sababu hajui aufanyeje.

Barua haiwezi kumjibu. Ameuliza kama nipo, na ameniambia nisitume mtu. Nitakuja Alhamisi asubuhi na lori la gesi. Najua ahadi ya fundi ilivyo, watu hutuchekea hata kanisani. Nitakuwa getini Alhamisi.

Ada yenu siiwezi. Lakini dada yangu aliwahi kuniambia shuka zenu zimechanika katikati na mashati ya watoto hayana kola. Mimi mikono ninayo.

Wako mtiifu,
Mama yake Chiriku

*

4 Aprili

Mdogo wangu,

Dereva ananiambia umemwomba lifti ya Alhamisi. Usije. Ninakusihi, usije. Kwa siku zilizobaki nitazungumza na mtoto taratibu mimi mwenyewe. Mwaka kesho nastaafu, funguo za chumba cha kufulia niko nazo kiunoni tangu ujana wangu, na humu ndani hakuna aliyewahi kuniita mwongo. Ukija, yeye hana kitanda na mimi sina kazi, tutakuwa watatu kwenye chumba chako tunagombea pazia. Mama yetu asingefanya hivi.

Niambie barua yake ilisema nini. Sikuisoma kwa heshima, sasa naijutia heshima yangu.

Dada yako

*

17 Aprili

Kwa Fundi,

Nakuandikia baada ya kikao cha jana. Uliyoyaona Alhamisi getini sina haja ya kuyarudia. Nitasema tu kuwa mshauri wetu amefanya kazi hii muda mrefu, na hajawahi kumwona mtoto akimgusa mama yake uso, meno na masikio kwa utaratibu ule, kama anayekagua mzigo.

Nafasi ya yatima imekwenda kwa mtoto mwingine, na hivyo ndivyo ilivyotakiwa tangu mwanzo. Dada yako ameonywa kwa maandishi na amenyang'anywa funguo. Kazi anabaki nayo. Wajumbe wawili walitaka aondoke, na mimi nilikuwa mmoja wao. Mshauri alitushinda.

Kuhusu binti, tunakiri kwamba tulikuwa tunamtibu msiba usiokuwapo, naye akatutii, na sisi tukaandika kuwa anaendelea vizuri. Hilo limetunyima usingizi. Mshauri anaomba abaki naye hadi mwisho wa muhula, waanze upya. Hatukuahidi kuwa atapona. Sehemu ya ada tumeifuta. Iliyobaki utailipa kwa kazi kama ulivyopendekeza, na shuka za kwanza zimekuja na dereva huyu. Utakuja kumwona kila Jumapili, bila kukosa. Mshauri anasema hiyo ni sehemu ya dawa.

Naomba uniandikie ni lini shuka zitakuwa tayari. Tarehe ya kweli.

Mkuu wa Kituo

*

6 Mei

Mama,

Shikamoo. Jumapili ulipoondoka nilisahau kukuambia mambo mengi, kwa hiyo nayaandika kabla sijayasahau tena. Mshauri anasema nikianza sasa hivi sinyamazi, ananiomba nipumue.

Yule msichana wa kitanda cha jirani alinikasirikia kwa sababu mama yangu yupo. Alitaka nusu ya sabuni yake. Ilikuwa imekwisha, nikamwambia imekwisha, akalia, nikampa gauni la njano alivae siku moja. Alilivaa siku nne. Amelirudisha na mfuko umechanika, utaushona.

Mama Mkubwa bado amenuna. Anazipiga pasi shuka kama zimemkosea. Funguo sasa anazo kijana mmoja na anazipoteza kila siku, Mama Mkubwa anamwonyesha zilipo bila kumsemesha. Lakini jana alinipa ile pakiti ya vifungo uliyonifungia, kumbe alikuwa ameificha. Nimeshona kimoja kwenye shati langu, palipokuwa hapana kifungo.

Bado tumbo linanikata wakati mwingine. Jumatano nilimwambia mwalimu wa hesabu nimemaliza na nilikuwa sijamaliza. Nilimwambia mshauri tukakaa. Hakuna kilichotokea. Tulikaa tu, hesabu ikabaki haijaisha na mimi nikawa nimedanganya, na chakula cha mchana kikafika.

Sasa sikiliza hili. Leo Mkuu alikuja chumba cha kufulia, ana shuka moja mkononi imechanika. Alituangalia, akaniuliza mimi, "Wewe mtoto wa fundi, zile shuka zingine mama yako anasema lini?" Mama, nilisikia mdomo unafunguka wenyewe, nikasema, "Bado vifungo tu."

Mkuu akaitazama shuka. Mama Mkubwa akageukia ukutani, mabega yanacheza, akasahau kuwa amenuna. Kijana wa funguo akauliza, shuka zina vifungo? Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye kapu la nguo chafu.

Halafu tumbo likaanza, nikaona nisimame. Nikamwambia Mkuu, hapana, nimesema uongo, shuka sijui zitakwisha lini. Mama yangu yupo. Muulize mwenyewe.

Kwa hiyo atakuuliza Jumapili. Hujazimaliza, najua, niliziona kwenye mfuko wako Jumapili. Mwambie hivyo hivyo.

Chiriku